Siku Moja Kuvunja, Miaka Saba Kugawana

Mwaka 2019 Watanzania tuliwacheka sana Waingereza. Kila jioni taarifa ya habari ilikuja na kura nyingine bungeni London, waziri mwingine kajiuzulu, tarehe nyingine ya kuondoka Umoja wa Ulaya imesogezwa. Tarehe 15 Januari Theresa May alipeleka mkataba wake bungeni, akapigwa kwa kura 432 dhidi ya 202. Akaurudisha, ukakataliwa. Akaurudisha tena, ukakataliwa tena. Siku ya kuondoka ilikuwa 29 Machi, ikawa 12 Aprili, ikawa 31 Oktoba. Akaja Boris Johnson, akalisimamisha bunge kwa wiki tano, na majaji 11 wa Mahakama ya Juu wakasema kwa kauli moja kwamba hatua hiyo haikuwa halali. Vijiweni utani ulikuwa mwepesi: hivi hawa si ndio waliotufundisha utawala bora?

Utani ule ulikuwa na raha yake. Ila ulisahau jambo moja. Kile ambacho Waingereza walikuwa wanakiogopa, yaani kuamka asubuhi wakiwa nje ya umoja bila karatasi yoyote inayosema nani anadaiwa nini, sisi tulishakifanya. Tulikifanya mwaka 1977, sisi na Wakenya na Waganda, Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilipokufa. Na tulikifanya bila mjadala mrefu wa kwenye redio, bila kura ya maoni, na bila mtu kuja kutuambia tujiandae kwa lipi.

Nimekuwa nikizisoma habari hizi mbili pamoja kwa muda sasa, na kila nikizisoma narudi palepale. Serikali inapoandika hofu yake kwenye karatasi, hata karatasi hiyo ikiwa ya aibu, inampa mwananchi kitu cha kushika. Isipoandika, hofu haipotei. Inahamia kwa mtu wa chini, naye anakaa nayo miaka.

Tuanze na Waingereza. Nchi yao iliingia katika umoja wa Ulaya mwaka 1973. Tarehe 23 Juni 2016 walipiga kura, asilimia 51.9 wakataka kutoka, asilimia 48.1 wakataka kubaki. Kwa zaidi ya miaka arobaini dawa zao, mboga zao, leseni za marubani wao na haki ya raia wa Ulaya kuishi Birmingham vilikuwa chini ya kanuni za pamoja. Ikifika siku ya kuondoka bila makubaliano, kanuni hizo zingekoma usiku mmoja. Ndiyo maana serikali ikawa na mpango wa dharura ulioitwa Operation Yellowhammer, jina la ndege mdogo wa manjano.

Hati ya mpango huo ilivuja magazetini Agosti 2019, na Septemba bunge likailazimisha serikali kuichapisha. Kwa lugha ya kiofisi ilisema mambo mazito: malori yangeweza kusubiri siku moja na nusu hadi siku mbili na nusu kabla ya kuvuka kwenda Ufaransa, dawa zilikuwa hatarini kwa kuwa sehemu kubwa zilipitia njia hiyo hiyo ya bahari, baadhi ya vyakula vibichi vingepungua. Kabla ya hapo serikali ilikuwa imeshawaomba watengenezaji wa dawa waweke akiba ya ziada ya wiki sita. Na watu wa kawaida nao wakaanza kujaza makopo ya maharage makabatini.

Ilikuwa na vichekesho vyake. Januari 2019 serikali ilifanya jaribio la foleni katika uwanja wa ndege wa zamani wa Manston, ione malori mengi yataleta msongamano gani. Yakaja malori 89. Zabuni ya pauni milioni 13.8 ya kuvusha mizigo ilipewa kampuni isiyokuwa na meli hata moja, ikabidi ifutwe. Waliotaka kuondoka kwa vyovyote vile walisema mipango yote hii ni vitisho tu. Lakini hati ilikuwapo. Mgonjwa wa kisukari aliweza kuisoma, mbunge wake aliweza kuishika mkononi na kuuliza swali. Na wiki chache baada ya kuvuja, bunge lilipitisha sheria ya kumzuia waziri mkuu asiitoe nchi bila mkataba pasipo ridhaa ya bunge.

Sasa tuje nyumbani.

Mkoa wa Singida hauna mpaka na nchi yoyote. Uko katikati kabisa ya Tanzania, na ukitaka kuona bendera ya jirani utasafiri kutwa nzima. Mtu anaweza kudhani kwamba Jumuiya ilikuwa habari ya Namanga na Mutukula, ya watu wa mipakani. Haikuwa hivyo. Mkataba wa Jumuiya ulisainiwa Kampala tarehe 6 Juni 1967 na kuanza kazi tarehe 1 Desemba mwaka huo, ukirithi huduma za pamoja zilizokuwapo tangu ukoloni. Makao makuu ya Jumuiya yakawa Arusha. Reli ikaendeshwa kutoka Nairobi, posta na simu kutoka Kampala, bandari kutoka Dar es Salaam, ndege za East African Airways kutoka Nairobi.

Maana yake, mkuu wa stesheni pale Manyoni au Itigi, kwenye Reli ya Kati, alikuwa mwajiriwa wa shirika lenye makao makuu Nairobi. Karani wa posta Singida mjini alikuwa mwajiriwa wa shirika lenye makao makuu Kampala. Barua uliyoitia stempu, simu ya upepo ya msiba, gunia la karanga lililopakiwa kwenye behewa, vyote vilipita mikononi mwa Jumuiya. Kwa wengi waliofanya kazi humo, Jumuiya haikuwa siasa ya marais watatu. Ilikuwa mshahara wa mwisho wa mwezi, na makato ya pensheni.

Ilikufaje? Vitabu vinataja sababu nyingi na zote zina ukweli. Viwanda vingi vilikuwa Kenya, na Tanzania na Uganda zikalalamika kwamba faida inaelea upande mmoja. Sarafu ya pamoja ilikwishaachwa mwaka 1966, kila nchi ikawa na shilingi yake na masharti yake ya fedha za kigeni, hivyo fedha za mashirika zikawa ngumu kuvuka mpaka kwenda makao makuu. Tanzania ilichukua njia ya Azimio la Arusha, Kenya ikachukua njia ya ubepari, na magazeti ya pande mbili yakawa yanatukanana. Huku kwetu Wakenya waliitwa manyang'au. Kisha tarehe 25 Januari 1971 Idi Amin akampindua Milton Obote, na Mwalimu Nyerere akakataa kukaa naye meza moja. Chombo cha juu kabisa cha Jumuiya kilikuwa kikao cha marais watatu. Baada ya mapinduzi yale hakikukutana tena.

Hapo ndipo pa kusimama kidogo. Kuanzia 1971 hadi 1977 ni miaka sita. Kila aliyekuwa ndani aliona kwamba kichwa hakifanyi kazi. Katikati ya miaka ya 1970 iliundwa hata tume ya kuutazama upya mkataba, ikiongozwa na William Demas kutoka visiwa vya Karibiani. Kwa hiyo hatari ilijulikana. Ambacho hakikufika kwa mwananchi ni maandalizi: ikivunjika, nani atalipa nini, na nani atabeba nini.

Ikavunjika. Mwishoni mwa Januari 1977 ndege za East African Airways zilisimama. Kenya ilisema wenzake hawalipi madeni yao, ikaanzisha Kenya Airways. Tarehe 4 Februari Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Kesho yake, tarehe 5 Februari, TANU na ASP ziliungana ikazaliwa CCM. Kwa hiyo wiki ile ile nchi ilisherehekea muungano wa vyama viwili huku muungano mwingine ukipigwa kufuli Namanga. Magari ya watalii na ndege ndogo kutoka Kenya vilizuiwa upande wetu. Ndege kubwa na mali nyingine zikabaki upande wao. Mwezi Juni nchi tatu zikashindwa kukubaliana juu ya bajeti ya pamoja, na ilipofika Julai Jumuiya haikuwapo.

Hakukuwa na mgawanyo. Kila mmoja alishika kilichokuwa mkononi mwake siku ile. Katika Ziwa Victoria kulikuwa na meli mbili za kubeba mabehewa, zilizojengwa miaka ya 1960 kwa ajili ya reli ya pamoja: MV Umoja na MV Uhuru. Umoja ikabaki Tanzania, Uhuru ikabaki Kenya. Hakuna mwandishi aliyeyapanga majina hayo.

Manyoni ninaye mzee mmoja, ndugu wa upande wa mama, aliyefanya kazi ujanani katika mojawapo ya mashirika yale. Mwaka 2019 alikuwa anafuatilia habari za Brexit redioni kuliko mtu mwingine yeyote ninayemfahamu, nikataka kujua kwa nini.

"Shikamoo babu. Hivi mambo ya Waingereza yanakuhusu nini?"

"Marahaba mjukuu wangu. Hao wanagombana mbele za watu. Sisi tulisikia imeshaisha."

Hakuwa na hasira na mtu. Aliniambia tu kwamba mwaka ule, katika kundi la wafanyakazi wenzake, ubishi wa Nyerere na Kenyatta ulikuwa wa wenye nafasi. Wao walikuwa na maswali mawili. La kwanza, mwezi huu nani anasaini mshahara? Hilo lilijibika, kwa sababu serikali iliunda mashirika yake haraka haraka: ndege, reli, bandari, posta na simu, na kazi zikaendelea. La pili ndilo lililobaki: yale makato yangu tangu nilipoanza kazi yako wapi, na sasa ni ya nchi gani? Hilo, alisema, hakuna aliyeweza kulijibu, hata bosi wake, kwa sababu bosi wake naye alikuwa analiuliza.

Kulijibu kulichukua miaka. Benki ya Dunia ilisaidia kumpata msuluhishi, Mswisi aitwaye Victor Umbricht, ambaye alizunguka kati ya miji mikuu mitatu akihesabu mabehewa, majengo, madeni na akiba. Wakati anahesabu, Kenyatta alifariki na Moi akashika nafasi, Amin akaivamia Kagera, vita ikapiganwa, Amin akaondoka. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulifunguliwa tena Novemba 1983, karibu miaka saba tangu kufungwa. Tarehe 14 Mei 1984, Arusha, mkataba wa kugawana mali na madeni ukasainiwa: Kenya asilimia 42, Tanzania asilimia 32, Uganda asilimia 26. Kuhusu wafanyakazi ulisema kila nchi itawalipa raia wake.

Ni sentensi fupi, na kwa mwanasheria ni safi. Kwa mzee wa Itigi ilikuwa mwanzo wa safari nyingine. Bunge letu lilitunga sheria ya kuutekeleza mkataba ule mwaka 1987. Miaka ikapita, wastaafu wakadai kwamba wanachostahili hawajakipata. Wakaenda Mahakama Kuu, kesi ya maelfu ya watu, na Septemba 2005 wakafikia makubaliano ya kisheria na serikali. Malipo yakatoka, ubishi juu ya hesabu ukaendelea, na sisi tulioanza uandishi miaka ya baadaye tukawakuta wazee wale bado ni habari: wanaume na wanawake wa miaka sabini na kitu, na bahasha za kaki zenye barua za ajira, wakikaa barabarani Dar es Salaam kuomba wasikilizwe. Wengine walikuwa wajane na yatima wakidai kwa niaba ya marehemu. Kutoka 1977 hadi 2005 ni miaka 28. Mtoto aliyezaliwa mpaka ulipofungwa alikuwa mtu mzima mwenye watoto wake.

Linganisha na Waingereza waliokuwa wanatuchekesha. Katika mkataba wa kuondoka walioukubali mwisho, ulioanza kazi walipotoka tarehe 31 Januari 2020, kulikuwa na bili. Ilikadiriwa kwanza kuwa kiasi cha pauni bilioni 39. Ndani ya bili hiyo, pamoja na mambo mengine, kulikuwa na mchango wa Uingereza kwa pensheni za watumishi wa Umoja wa Ulaya. Yaani walilijadili swali la mzee wangu kabla ya kutoka mlangoni. Walilijadili kwa kelele na matusi, miaka mitatu na nusu, ila walilijadili. Raia wa Ulaya waliokuwa wanaishi kule nao waliteseka kwa wasiwasi, wakajaza fomu za kuomba waendelee kuishi katika nyumba zao wenyewe. Lakini kulikuwa na fomu.

Sisemi Brexit ni mfano wa kuigwa. Mtu anaweza kusema, na kwa haki, kwamba mipango ya dharura huzaa hofu: mwambie mtu dawa zinaweza kupungua, ataenda kununua za miezi mitatu, na zitapungua kweli. Pia anaweza kusema mwaka 1977 hapakuwa na nafasi ya kuandika, kwa kuwa marais hawakuwa wanakutana. Hoja ya pili ndiyo inayonirudisha kwenye yangu. Marais walipoacha kukutana mwaka 1971, ndipo karatasi ilipohitajika zaidi. Ushahidi ni Benki ya Maendeleo ya Afrika Mashariki pale Kampala. Nchi zile zile zilizokuwa hazisalimiani zilikaa, zikaiandikia benki hiyo mkataba mpya mwaka 1980, na ipo mpaka leo. Kilichoandikwa kilipona.

Hii Jumuiya ya sasa ilijifunza kiasi. Mkataba wake ulisainiwa Arusha tarehe 30 Novemba 1999, ukaanza kazi tarehe 7 Julai 2000, na ibara ya 145 inaeleza mlango wa kutokea. Nchi inayotaka kuondoka lazima bunge lake liamue kwa theluthi mbili ya wabunge wote, itoe notisi ya miezi 12 kwa Katibu Mkuu, na iendelee kutimiza wajibu wake wakati notisi inahesabiwa. Tanzania yenyewe inaijua njia ya namna hiyo. Mwaka 2000 ilijitoa COMESA baada ya kutoa notisi. Na mwaka 2013, Kenya, Uganda na Rwanda zilipokuwa zinakutana peke yao na watu wakaanza kusema Tanzania inatoka, Rais Jakaya Kikwete alikwenda bungeni Novemba kueleza kwamba nchi haiondoki. Hilo nalo ni namna ya kuituliza hofu: kusimama mahali rasmi na kusema.

Lakini ibara ya 145 inaongelea nchi inayotoka rasmi. Haisemi cha kufanya siku jirani wawili wanaponuniana wakiwa bado ndani. Februari 2019, wakati dunia nzima inatazama foleni za Dover ambazo hazijatokea, Rwanda iliyazuia malori ya mizigo katika mpaka wa Gatuna na Uganda, na mpaka ule haukufunguliwa tena hadi mwisho wa Januari 2022. Oktoba 2017 sisi tuliteketeza vifaranga 6,400 vilivyotoka Kenya kupitia Namanga. Januari 2024 Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda. Zote hizo ni nchi wanachama, wimbo mmoja wa Jumuiya, pasi moja ya Jumuiya.

Na Singida, isiyo na mpaka, inaguswa na kila moja. Malori ya Rwanda, Burundi na Kongo yanapita Manyoni, Singida mjini, Misigiri, yanashuka Sekenke. Wapo mama lishe, mafundi wa matairi na wenye nyumba za wageni wanaoishi kwa malori hayo. Mpaka ukifungwa Kigali na Bujumbura zikigombana, atakayekuwa wa kwanza kuona pengo kwenye daftari la mauzo ni dada mwenye banda la chipsi barabarani, na hataambiwa sababu.

Kwa hiyo nikiulizwa Mtanzania ajifunze nini kwa Waingereza, sitataja kura ya maoni wala ubishi wa bungeni. Nitataja hati ile yenye jina la ndege. Jumuiya sasa ina wanachama wanane, na wizara zetu zina watu wenye akili ya kuandika kurasa chache: mpaka huu ukifungwa, bidhaa ipi itakosekana kwanza, mzigo utapita wapi, mfanyakazi wa nchi nyingine atalipwa na nani, makato yake yatakaa wapi. Iandikwe kwa Kiswahili, ipelekwe bungeni Dodoma, mbunge wa Manyoni aisome kabla ya siku ya siku. Wazee walioshika bahasha za kaki wanazidi kupungua, na bado wapo wachache wa kuwauliza ni maswali gani ya kuanza nayo.